Dola Mia Ndani ya Kiatu

Kila asubuhi, kabla ya kufunga kamba za viatu, Osée aliinua soli ya ndani ya kiatu cha kushoto na kuchungulia. Noti ya dola mia ilikuwa palepale, imekunjwa mpaka ikatoshea chini ya kisigino, mahali ambapo mwizi asingeifikia. Hapo ndipo alipopata amani ya kwenda chuoni.

Noti hiyo alitumiwa na mama yake, muuza makaa huko Kamina: dola themanini za karo, ishirini za vitabu. Wenzake walimaliza pesa zao kwa kuku wa kuchoma, naye Osée, aliyelala na kula bure kwa mjomba wake katika mtaa wa Bel-Air, aliwacheka. Hata mwalimu Antoine alipowaita wanafunzi wa mwaka wa kwanza awafundishe kutunza pesa, hakwenda.

"Atanifundisha nini?" alimwambia Myriam, mwanafunzi mwenzake. "Makuta yangu, pesa yote ya mama, iko palepale. Hata franga moya haikutoka!"

Miezi miwili ilipita. Siku ya mwisho ya kulipa karo, Osée alivua kiatu mbele ya dirisha la malipo, watu nyuma yake wakashika pua. Alipoikunjua noti, ikachanika kwenye mkunjo. Mpokea pesa hakuigusa hata kwa kidole.

"Dola ya kupasuka hatukamataka," alisema. "Na mwenye hakulipa leo, hatafanya mutihani."

Osée alitoka mbio mpaka mtaa uitwao Kenya, kwa Mama Habiba, mbadilisha pesa ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kwa uzee. Njiani wazo baya lilimjia. Aliikunja noti, mpasuko ukawa ndani na upande mzima juu, akampa.

"Weye njo unanisalimiaka kila siku, mwana," alisema Mama Habiba. "Yako shitaangalia." Akaanza kuhesabu franga bila kuikunjua noti.

Osée aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mwizi aliyemwogopa miezi yote hiyo alikuwa amesimama pale, ndani ya viatu vyake mwenyewe.

"Mama, ngoja! Iko ya kupasuka. Nilitaka kukudanganya."

Mama Habiba aliipapasa noti mpaka akaupata mpasuko. Osée alingoja matusi.

"Kuko bantu banakamataka za kupasuka, kwa bei ya chini," alisema hatimaye. "Nitakupatia dola makumi munane. Kimbia, batafunga!"

Osée alilipa karo dirisha likiwa karibu kufungwa. Mtihani aliufanya, lakini pesa za vitabu zilikuwa zimekwenda, na ilimbidi amwombe Myriam amwazime vyake. Kisha alirudi kumshukuru Mama Habiba.

"Sasa, mwana, dola ilikuwa wapi?"

"Mu kiatu, mama, miezi mibili tangu mama yangu alinitumia. Niliogopa bezi."

"Na siku mama yako alikutumia, dirisha ya minerval, ile karo yenu, ilikuwa ya kufunga?"

"Hapana, mama. Ilikuwa wazi."

"Basi ulikuwa unachunga nini, miezi mibili?"

Osée alikitazama kiatu chake cha kushoto.

"Unaona," alisema Mama Habiba kwa upole. "Kukataa kula makuta ni muzuri, lakini haitoshi. Makuta iko na kazi yake. Ya minerval, peleka siku ileile. Yenye inabakia, tafuta pahali ya kuiweka muzuri. Na ukikosea, hasara ikuwe yako, usiipeleke kwa mwingine. Siku ile ulipoteza ishirini, mwana. Ungenyamaza, ungepoteza zaidi."