Nilitumia Kamera ya Kiwanda Kumkomesha Rhoda

Nina miaka ishirini na tisa, mama wa mtoto mmoja, na bado nina hasira. Wasomaji wenzangu, msinihukumu kabla hamjanisikia!

Mapema 2008, vurugu za uchaguzi zilipochacha, rafiki yangu Rhoda alichomewa nyumba kule Njoro. Nilimpokea kwetu, mtaa wa Section 58, nikamlisha, nikamvisha. Hata kazi nilimwombea, kwenye kiwanda cha redio nilikofanya mimi.

Yeye alilehemu vibao vya saketi vinavyokaa ndani ya redio. Mimi nilikaa kwenye mashine ya kamera iliyokagua kila kibao, ikitafuta mikwaruzo na madoa. Ikishuku kitu iliwasha taa nyekundu, nami naangalia na kuamua: ni kasoro kweli, au ni mwanga tu umeidanganya.

Siku moja Rhoda akiwa ofu, nilishikwa na homa kazini, nikarudi nyumbani mchana. Mlango umefungwa kwa ndani... Aliyefungua ni Rhoda, amejifunga leso yangu! Nyuma yake baba Kevo, mume wangu, anatafuta shati. Jamani, wewe ungefanya nini?

Virago vyake nilivitupa nje siku hiyo hiyo, akaenda kupanga chumba. Mume wangu alipiga magoti, nikamsamehe. Mjinga mimi! Lakini Rhoda... huyo nilitaka alie.

Kuanzia hapo, treya ya vibao vyake ikifika kwangu sikuwa na huruma. Taa ikiwaka kwa sababu ya mng'ao tu, mimi nabonyeza kitufe cha mbovu. Mbovu! Mbovu tena! Rhoda akalia, akaapa kwamba kazi yake ni safi. Supervaiza akamjibu kwamba mashine haina chuki na mtu. Nilicheka moyoni mpaka mbavu zikaniuma!

Akafutwa kazi. Jioni hiyo nilinunua nyama, nikaenda nyumbani nikiimba...

Nikamkuta Rhoda ameketi kwenye kiti changu, begi miguuni. Bila kazi kodi ya chumba ingemshinda, baba Kevo akamleta.

"Mama Kevo," mume wangu akaniambia bila haya, "wewe una kazi, utajipangia nyumba. Huyu hana kitu. Unataka aende wapi?"

Nilitoka na Kevo mgongoni. Mpaka leo nawaombea mabaya wote wawili, sifichi! Lakini nawasihi, dada zangu, ukitaka kulipiza kisasi, anza na mwanaume. Mimi wangu nilimwacha ndani ametulia, kisha kwa mkono wangu mwenyewe nikamtafutia Rhoda sababu ya kuhamia.