Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Hivi wewe, umewahi kufanya usafi halafu ukaujutia? Usicheke. Raheli alifanya, na tangu azaliwe hakuwahi kutokwa jasho la hasara kama siku ile.

Raheli alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Aliishi na bibi yake, Bibi Elinuru, katika kitongoji cha Kwemgoma, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Bumbuli. Baba na mama yake walikuwa Kwamkoro kwenye kazi ya chai, wakija nyumbani Krismasi na Pasaka tu. Kwa hiyo kazi za nyumbani waligawana wawili. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia migomba, Raheli alishuka mtoni na ndoo, akarudi, akamkatia ng'ombe majani, ndipo akaenda shule. Bibi alikamua.

Maziwa ya chai yalibaki kwenye sufuria. Mengine Bibi aliyamimina katika kibuyu kilichoning'inia juu ya mafiga, cheusi kwa moshi, na shingoni kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa kamba ya mgomba. Humo yaligandia. Wageni wawe wengi namna gani, kibuyu hakikumalizwa. Chini yalibaki maziwa ya kikombe kimoja, ndiyo chachu ya kugandishia mengine. Siku ya kuosha, Bibi aliihamishia chachu kwenye bakuli, akasuuza kibuyu kwa maji baridi, akakifukiza kwa kijiti chenye moto, akairudisha. Sabuni haikukaribia. Chachu ile alipewa na mama yake siku alipoolewa, na mama yake alipewa na wake.

Mwaka huo, ndio ule wa mgao wa umeme, walifika wanafunzi wawili wa chuo kikuu, Perpetua na Clemence. Walikuwa wakichunguza vijidudu vinavyogandisha maziwa, maana vingine ni rafiki wa tumbo la mtoto. Clemence, kijana mrefu aliyetoka mbali, aliinama mlangoni akajikakamua kwa lugha ya pale:

"Onga mahundo, Bibi!"

Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. "Baba, hiyo ni salamu ya asubuhi. Sasa ni saa tisa. Wewe sema shikamoo tu, inatosha mchana na usiku."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ingieni."

Walichota maziwa kidogo kwenye chupa, wakaandika jina la Bibi juu yake, wakaeleza kwamba chuoni wana chombo cha kuvionea vijidudu hivyo, wakaondoka.

Baada ya miezi miwili ikaja barua, na Raheli ndiye aliyeisoma kwa sauti. Perpetua alisema kwamba katika maziwa ya Bibi walikuta kijidudu cha ajabu. Ukikiweka kwenye sahani ya kioo pamoja na vijidudu vya kuhara, vile vya kuhara havisogei. Lakini umeme ulikatika siku nne, friji la maabara likawa kama kabati, ukungu ukaingia, vyote vikaharibika. Wangekuja tena Ijumaa kuchota upya. "Jambo likionekana mara moja tu," aliandika, "kwetu ni kama halijaonekana."

Bibi alikunja barua akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Jumatano akaenda Bumbuli hospitali kutazamwa macho, alale kwa binti yake Secilia, arudi Ijumaa asubuhi.

Jumatano hiyohiyo rafiki yake Raheli, Lucy, alikuja baada ya shule. Akatazama juu ya mafiga akaziba pua.

"Wageni wa chuo kikuu mtawatolea hilo dude jeusi kama mkaa?"

"Ni kibuyu cha Bibi."

"Ndiyo, na sisi kwetu tulikuwa nacho. Mama alikitupa. Siku hizi tunagandishia kwenye ndoo ya plastiki, unaona mpaka chini. Watasema hapa hamna sabuni."

Maneno yale yalimwingia Raheli kama mwiba. Sabuni ilikuwapo. Miaka ile magulio yalikuwa yameanza kujaa vitu vya kila rangi, na Bibi alikuwa amenunua kwenye gulio la Soni pakiti ya sabuni ya unga, akaitunza kwa ajili ya mashuka. Raheli alichemsha maji. Akakishusha kibuyu, akamwaga kilichokuwamo kwenye mfereji wa migomba, chachu na yote. Akatia sabuni, maji ya moto na changarawe, akatikisa mpaka mabega yakauma. Povu lilitoka jeusi, kisha kijivu, kisha jeupe. Alifurahi! Akamimina maziwa ya jioni aliyoyakamua mwenyewe, akakitundika.

Alhamisi alipokifungua, hapakuwa na mgando. Maziwa yalikuwa yamekatika, maji huku, madonge huku, na harufu yake ni ya nguo iliyofuliwa. Akasuuza mara saba, akanusa. Sabuni bado.

"Njoo nikupe ya kwetu," alisema Lucy. "Nani atajua? Maziwa yote meupe."

Kibuyu kikajazwa mtindi wa kina Lucy. Ijumaa Perpetua na Clemence walichota, wakaandika tena jina la Bibi Elinuru kwenye chupa, na Raheli akasimama pale akiitazama kalamu inavyoandika.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Kila Bibi alipoonja maziwa alitulia, akaonja tena.

"Yamebadilika," alisema siku moja. "Au ng'ombe kala nini?"

"Sijui, Bibi."

"Basi ni ulimi wangu. Macho yamekwenda, sasa na ulimi unafuata."

Raheli aliinamia sahani yake. Neno lilikuwa mdomoni kabisa, akalimeza pamoja na ugali.

Jumamosi ya wiki ya tatu Perpetua alifika peke yake, viatu vimejaa matope, macho mekundu. Alimwamkia Bibi, akaketi kwenye kigoda, akashindwa hata kunywa chai.

"Bibi, nimepanda maziwa yako kwenye sahani sitini. Hamna kitu. Kile kijidudu hakipo."

"Hakipo kabisa?"

"Kabisa. Na karatasi za kwanza zina mwandiko wangu mwenyewe, ushahidi wake ulioza. Msimamizi wangu ameniuliza kama yale ya mwanzo niliyabuni. Ameniuliza kwa upole, lakini ameuliza. Nisipopata jibu kabla ya mwezi ujao, utafiti wangu unafutwa, na sitahitimu. Clemence alikuwapo, lakini wanasema rafiki hawezi kuwa shahidi."

Bibi Elinuru alivuta kanga akajifunika mabega. "Binti yangu, kawaambie kosa ni langu. Mimi mzee. Pengine siku moja nilisahau kuacha chachu, nikamimina yote. Kawaambie hivyo, usiitwe mwongo kwa ajili yangu."

Hapo Raheli hakuweza tena.

"Si wewe, Bibi! Ni mimi. Nilikiosha kwa sabuni. Nikamwaga chachu. Yale ya kwenye chupa ni ya kina Lucy."

Perpetua aliweka kikombe chini taratibu. Bibi akainuka, akakishusha kibuyu, akanusa mdomo wake, akakipakata kama mtu anayepakata mtoto mchanga.

"Chachu hii ilikuwa ya mama," alisema. Basi. Hakumpiga Raheli, wala hakumfokea.

Kisha Bibi akajifuta macho. "Vaa viatu. Twende Bumbuli. Secilia alipoolewa nilimgawia chachu. Kama hajaitupa na yeye."

Walitembea watatu, Bibi na fimbo yake mbele. Shangazi Secilia aliwapokea kwa mshangao, na aliposikia habari akaguna.

"Mama, mimi niitupe? Ungenitoa roho." Akawaonyesha kibuyu chake jikoni.

Perpetua alichota. Kabla ya kuandika kwenye chupa, akamgeukia Raheli. "Safari hii wewe ndiye utaniambia niandike nini."

"Secilia," Raheli alisema kwa sauti ndogo. "Chachu kutoka kwa Bibi Elinuru." Halafu akaomba karatasi, akamwandikia msimamizi barua. Aliandika siku aliyoosha, sabuni aliyotumia, na maziwa yalikotoka. Aliandika kwamba dada Perpetua hakubuni kitu, mwongo ni yeye, Raheli, wa darasa la sita. Karatasi ililowa mahali pawili, lakini ilisomeka.

Perpetua alirudi mwezi uliofuata. Barua ilisomwa chuoni, msimamizi akampa muda, na maziwa ya Secilia yakajibu kwamba vijidudu vya kuhara vilipungua. Utafiti ulikuwa umepona.

"Ila nisiwafiche," aliongeza. "Vimepungua, havikusimama. Vya shangazi ni ndugu wa vile vya kwanza, lakini si vyenyewe. Labda vilibadilika miaka hii yote katika kibuyu kingine. Kile chenye nguvu sijakiona tena, na sidhani kama nitakiona."

Raheli alianza kulia. Bibi akamvuta karibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kuosha uliosha kwa kutojua, tena kwa kunionea haya mimi na moshi wangu. Hilo nilikusamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini zile wiki tatu ulijua. Ulimwona mwenzio anaandika jina langu kwenye maziwa ya kina Lucy, ukaniona mimi nashuku ulimi wangu, ukanyamaza. Asiyejua hufundishwa. Ukweli uliochelewa unakuta vitu vimeshakufa. Siku nyingine ukivunja, sema siku hiyohiyo, huku vipande bado viko mkononi."

"Ndiyo, Bibi."

Perpetua alikuwa akifunga mkoba. Aliona haya kuondoka hivi hivi. "Bibi, tumekuja hapa mara ngapi, tunachota, tunaondoka. Hatujakuuliza hata siku moja. Wewe ungetaka tukuletee nini? Sukari? Blanketi?"

Bibi Elinuru alitazama juu ya mafiga, kibuyu kilipo.

"Wale wangu wa kibuyuni," alisema. "Miaka arobaini na mitatu nimewalisha asubuhi na jioni. Mlisema mnacho chombo cha kuwaonea. Mimi nilitaka kuwaona."