Gari Lililosema kwa Sauti ya Mama

Asubuhi ya Jumamosi nyumbani kwa fundi Waya ilikuwa ya kumtia mtu wivu. Chai ilikuwa mezani. Cherehani ya mkewe ilikuwa ikinguruma karibu na dirisha, na binti yao wa pekee, wa miaka mitano, alikuwa akimsimulia mwanasesere wake habari za chekechea. Huyo mtoto walimbandika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Waya mwenyewe, ambaye kazi yake ni kutengeneza redio na televisheni, alikuwa uani, kichwa ndani ya gari na miguu nje. Ungepita ukachungulia ungesema watu hawa wamejaliwa, na wala usingekosea sana. Ila ungesimama kidogo ungemsikia mke akiita, "Baba Chiriku, chai inapoa," mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na usingesikia jibu.

Ndugu zangu, sikilizeni vizuri, maana haya niliyoyashika nataka na nyinyi myashike.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, mlango mmoja wa kijani na mwingine wa buluu. Waya alilitengeneza mpaka likatembea, halafu akaona kutembea hakutoshi. Akataka lifikiri. Kwa miezi minane alikusanya vitu ambavyo wengine huvitupa: kioo cha kompyuta iliyovunjika, spika za redio zilizokufa, kamera za simu zilizoanguka majini. Katikati ya yote akaweka kompyuta ndogo isiyozidi kiganja cha mkono, akaificha chini ya dashibodi. Hakuna chuo kilichomfundisha. Alisoma, akajaribu, akaunguza vidole, akajaribu tena.

Siku gari lilipoamka, mkewe aliitwa uani, tepu ya kupimia ingali shingoni. Waya aligusa kioo. Kikawaka. Taa ndogo zikakimbizana, joto la injini likajichora kwa rangi, na kwenye pembe ya kioo akatokea mwanamke amesimama nyuma ya gari, tepu shingoni, mdomo wazi.

"Mungu wangu," alisema taratibu. "Limeniona."

Alinyanyua mkono. Yule wa kwenye kioo naye akanyanyua. Alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka saba, amemfulia mashati yenye matundu ya moto, amemkemea kwa kuacha misumari midogo kitandani, na hakuwahi kujua kwamba kichwa kile kilikuwa na kitu kikubwa namna ile. Machozi yalimlengalenga. Alijiona mdogo mbele ya mumewe, na wala hakuona vibaya.

"Sasa nataka lipate sauti," Waya alisema. "Nataka yako."

Walijifungia chumbani wakajifunika blanketi kichwani ili kelele za barabara zisiingie, na mke akasoma sentensi thelathini moja baada ya nyingine. Mafuta yanapungua. Punguza mwendo. Walicheka mpaka blanketi likaanguka.

"Hii ya mkanda iseme kama unavyomwambia Chiriku," mume alimwelekeza.

Akasema, kwa ile sauti yake ya upole usio na mjadala: "Funga mkanda, mwanangu. Kaa utulie, tunafika sasa hivi."

Mtaa mzima ulikuja kuona. Fundi bomba wa nyumba ya tatu alikaa kiti cha mbele, akaambiwa afunge mkanda, akaufunga haraka kama mwanafunzi.

"Waya," alisema, "hili gari lina akili kuliko shemeji yangu. Na adabu pia."

Watu waliangua kicheko, lakini walipoondoka walikuwa wakigeuka nyuma kuliangalia.

Hapo ndipo sifa zilipompanda Waya kichwani. Alitaka gari lisiwe na kitu hata kimoja cha kizamani. Aliziba matundu ya funguo, akayapaka rangi. Aling'oa vishikio vya ndani vya milango ya nyuma ili apitishe nyaya. Akaiambia kompyuta kwamba mtoto akikaa kiti cha nyuma, milango yote ijifunge mara moja, kwa usalama wake. Kufungua ni kwa simu ya Waya peke yake. Kilichobaki kwa mkono ni kishikio kimoja tu, cha ndani, upande wa dereva.

Mkewe, anayejua kwamba hata gauni la harusi lazima liwe na mahali pa kuvulia, lilimkaa rohoni jambo hilo.

"Baba Chiriku, ule mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani."

"Kompyuta inafungua."

"Na ikigoma?"

"Haigomi."

Alimwambia tena wakati wa kula, akajibiwa kwa kutikiswa kichwa. Akamwambia mara ya tatu, na Waya akavaa visikilizio masikioni. Alikuwa akiisikiliza sauti ya mkewe, jamani, ile iliyorekodiwa, akitafuta mahali inapokwaruza. Mwenye sauti alikuwa amesimama mbele yake. Mke akarudi kwenye cherehani yake kwa hasira.

Sasa rudini kwenye Jumamosi ile. Ilipofika saa sita jua lilikuwa kali. Waya aliiacha simu ndani ya gari, imechomekwa waya, akaenda kwa fundi bomba kuazima spana. Spana ilipatikana upesi. Hadithi za gari ndizo zilizomkalisha.

Chiriku alimwendea mama yake. "Mama, samaki hulala macho wazi?"

"Ngoja kwanza, mwanangu, namaliza gauni la watu."

Mtoto akangoja kidogo, kisha akaenda uani, kwa mama mwingine ambaye hakuwa na gauni la kumaliza. Akapanda kiti cha nyuma na kuvuta mlango.

Mama alishtushwa na ukimya. Nyumba yenye Chiriku haina ukimya. Alisimamisha cherehani, akatega sikio, na kutoka uani akajisikia mwenyewe akisema, "Funga mkanda, mwanangu. Kaa utulie, tunafika sasa hivi." Kimya kidogo. Kisha tena.

Alikimbia. Kwenye dashibodi kioo kilikuwa kimeganda. Kompyuta ilikuwa imepata joto ikakwama kwenye sentensi moja. Nyuma alikuwepo Chiriku, amefunga mkanda, mikono mapajani, nywele zimelowa jasho kana kwamba ametoka kuoga.

"Chiriku! Fungua mkanda! Pita mbele uvute kile kishikio cheusi!"

Mtoto alimwona. Akaufungua mkanda. Sauti ikasema kaa utulie, naye akasita, akaangalia dirishani, akaangalia dashibodi, akaufunga tena. Mama alipiga kioo cha dirisha kwa viganja, akaita mpaka koo likamwuma, na kila alipoita aliisikia sauti yake mwenyewe ndani ya gari ikimpinga. Alikuwa ameliogopa gari lile kwa mapenzi, kama mtu anavyoogopa bahari. Sasa aliliogopa kwelikweli.

Waya alifika mbio, fundi bomba nyuma yake.

"Fungua!"

"Simu iko ndani." Alikuwa ameshapauka. "Ngoja. Nikileta kompyuta ya mezani ninaweza kuliingia kwa..."

"Mtoto analegea!"

"Dakika mbili tu. Nalijua hili. Nalijua!"

Alianza kugusagusa kioo cha mlango kwa nje, kama mtu anayembembeleza rafiki. Macho ya Chiriku yalikuwa yanajifunga. Mkewe hakungoja dakika hizo. Aliingia ndani ya nyumba, akarudi na pasi yake ya mkaa, ya chuma, ile nzito. Alipoinyanyua mbele ya dirisha la dereva, Waya akamshika mkono.

"Si hilo! Hilo lina nyaya za antena, miezi miwili ya..."

Aliuangalia mkono wake uliokuwa umeushika mkono wa mama anayemwokoa mtoto. Akauachia.

Kioo kilivunjika kwa pigo la pili. Mama aliingiza mkono, akavuta kishikio, akapenya katikati ya viti, akamtoa mwanawe. Damu ilimtiririka hadi kwenye kiwiko na hakuiona. Walimlaza kivulini, wakamlowesha maji, fundi bomba akimpepea kwa shati lake. Baada ya muda mtoto alifumbua macho akaomba maji ya kunywa. Watu wazima watatu walilia bila kuoneana haya.

Waya alipiga magoti. "Mwanangu, mama alikuwa anakuita. Mbona hukutoka?"

Chiriku alimshangaa. "Mama alisema nikae."

Waya alikwenda kwenye gari, akafungua boneti, akachomoa waya wa betri, na ile sauti ikakatika. Akarudi, akakaa chini kwenye vumbi, miguuni pa mkewe aliyekuwa akifungwa kitambaa mkononi.

"Uliniambia mara ngapi?" aliuliza.

"Sikuhesabu."

"Niambie tena."

Mke aliangalia kama masikio yale yako wazi. Kisha akaanza. Alianza na mlango. Akaendelea na chai zilizopoa, na usiku aliolala peke yake na nyumba ina mume, na siku mtoto alipochora baba asiye na uso. Alisema mpaka jua likashuka, na Waya hakumkata kauli hata mara moja.

FUNZO

Ndugu zangu, sikusimulia haya ili mtu aogope kompyuta. Alichokijenga Waya ni cha ajabu, na mimi nilikiona kwa macho yangu. Vijana wetu wenye vichwa vya namna hiyo tuwatie moyo.

Lakini wewe unayetengeneza, kila unachokifunga kwa akili yako kiwekee njia ya kufunguliwa kwa mkono wa mtu yeyote, hata asiyejua kusoma. Na yule wa nyumbani anayekuambia hapa pana hatari, mwitikie mara ya kwanza. Yeye ndiye anayeishi na kazi yako. Wewe mzazi uliye na gauni la watu, mtoto akikuuliza habari za samaki, simamisha cherehani umjibu. Ni dakika moja. Asipoipata kwako, atakwenda kuitafuta kwingine, nawe hutajua ni wapi.