Jiko la Nani Hili?

Kila asubuhi Malkia alitoka nyumbani aking'aa kama sahani mpya: sketi imepigwa pasi, soksi nyeupe pe, leso imekunjwa mfukoni. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, nusu kwa sifa na nusu kwa kejeli, maana alikuwa mwepesi wa kuziba pua. Mwenzake akifungua kiporo, yeye husogeza kiti. Akiona kucha chafu, hukunja uso kama aliyelamba shubiri.

Mama yake alikuwa fundi cherehani na alishonea sebuleni. Baba alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana kwa msimu. Mdogo wake, mtoto aliyekuwa akijifunza kutembea, wote walimwita Kibonge, ingawa siku hizo jina lilikuwa halimfai tena. Tumbo lilikuwa likimwendesha. Likipoa kidogo, linarudi. Mashavu yalikuwa yamenywea. Kila aliporudi na dawa kutoka zahanati, mama alimlaumu jirani aliyependa kumpa mtoto vipande vya mkate. Malkia alimuunga mkono. Mikono ya jirani yule alikuwa ameshaiona.

Wiki ile mwalimu wa sayansi alitoa kazi. Kila mwanafunzi apige picha vyumba vya nyumbani kwao, bila kupanga wala kufagia kwanza, kisha azitazame kama mgeni aliyebisha hodi leo. Picha zenyewe hatazidai. Alitaka wamweleze walichokiona.

Jioni Malkia aliazima simu ya mama, akapiga picha sebule, chumba cha kulala na jikoni, kisha akajilaza kitandani kuzitazama. Sebuleni kulikuwa na vipande vya vitambaa, basi. Alipofika jikoni, kidole kilisimama.

Kitambaa cha kufutia vyombo kilikuwa kimeganda msumarini, cheusi, kama ngozi ya mnyama aliyekufa. Kikombe cha kuchotea maji kilikuwa na utando wa kijani mdomoni. Poti ya Kibonge, haijamwagwa, ilikuwa ubavuni mwa kapu la sahani, na nzi walihama kutoka huku kwenda kule kama wenye nyumba. Akaikuza picha. Juu ya kijiko cha uji cha mdogo wake alikuwa amekaa mende, masharubu juu. Mate yakamjaa Malkia kinywani. Asubuhi ile ile alikuwa amenywea kikombe kile.

Wazo la kwanza lilikuwa kuifuta picha hiyo na kwenda darasani kusimulia habari za pazia jipya la sebuleni. Nani angejua? Lakini chumba cha pili Kibonge alianza kulia, kile kilio chembamba cha mtoto aliyechoka. Malkia aliinuka, akampelekea mama simu.

Mama alisimamisha cherehani, akatazama, akakunja pua.

"Jiko la nani hili?" aliuliza. "Watu wengine hawana hata haya. Huko usinywe hata maji, mwanangu."

"Mama, ni kwetu."

Mama aliitazama tena. Pichani palikuwa na sufuria yenye mkono uliopinda, aliyoinunua mwenyewe. Akainuka, akaenda kusimama mlangoni mwa jiko. Malkia alidhani atagombezwa kwa kuanika aibu ya nyumba. Badala yake mama alifunga kilemba upya na kumwambia abandike maji ya moto.

Kazi ile ilikuwa karaha tupu. Waliposogeza pipa la unga, mende walimwagika kama njugu kwenye gunia lililopasuka. Nyuma yake kulikuwa na panya aliyekauka, mkia umenata sakafuni. Walipoinamisha mtungi wa maji, chini ulitoka ute mzito wenye viluwiluwi, na mama akakimbilia nje kutapika. Malkia alisugua huku pumzi ameibana na machozi yanamtoka. Kitambaa kile walikichoma moto. Poti ikahamia chooni.

Tangu siku hiyo maji ya kunywa yalichemshwa na mikono ikanawishwa kwa sabuni kabla ya kula. Taratibu tumbo la Kibonge lilitulia, akaanza kudai uji kwa kupiga sakafu kwa viganja. Mama alikwenda kwa jirani kumwomba radhi, na Malkia akafuatana naye, uso chini. Jirani alicheka tu, akamwuliza mtoto anaendeleaje.

Walipokuwa wakirudi, mama alimshika mkono.

"Nyani haoni kundule, mwanangu," alisema. "Mimi nilimtazama jirani, wewe ukawatazama wenzako, na kumbe uozo tulikuwa tunakula nao. Mazoea yalitufumba macho. Kuona kinyaa si vibaya. Vibaya ni kuwaonea watu kinyaa, na kwako hujapatazama."