Kikombe cha Dawa cha Lineo

"Huyu ndiye mama niliyewaambia. Mwangalieni vizuri."

Daktari Mokhethi alininyooshea kidole mbele ya madaktari wanafunzi, waliokuja hapa kliniki ya Maputsoe kujifunza kutibu watoto wenye virusi vya UKIMWI.

"Mwanawe yumo kwenye utafiti wetu. Anapewa dawa mpya, tamu, ya kuyeyusha kwenye maji. Lakini virusi vinapanda. Maana yake nini?"

"Mama hampi dawa," wakaitikia kama watoto wa chekechea.

Jamani... Lineo wangu, miaka sita, alikuwa mapajani mwangu, kwenye kiti mbele yao, akisikia kila neno.

Aliyeniuma zaidi ni wifi yangu Puseletso, dada wa mume wangu aliye migodini. Ni nesi pale pale.

"'Malineo," akaniita, yaani mama wa Lineo, "sema ukweli. Vidonge unavitupa?"

"Wifi, si unajua kwamba anakunywa?"

"Nijue nini? Hapa kazini sina ndugu."

Daktari akasema virusi vikizidi, Lineo anatolewa kwenye utafiti, anarudi kwenye ile dawa ya zamani, chungu, aliyokuwa akiitapika hadi analegea.

Mwanafunzi mmoja, Daktari Khauhelo, akanifuata nje.

"'M'e," akaniita kwa heshima, kama kusema mama, "dawa anakoroga nani?"

Wasomaji wangu, tangu nianze kusimangwa, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

"Wifi yangu. Mimi alfajiri niko kiwandani nashona jinzi. Yeye tunakaa naye ua mmoja, na ni nesi. Anampa kabla ya kwenda kazini."

Akatazama mlango wa kliniki, akashusha sauti.

"Kesho usiende kiwandani."

Kesho yake nikaaga kama kawaida, blanketi begani, nikazunguka nyuma ya nyumba. Khauhelo alishafika. Tukachungulia dirisha la jikoni.

Puseletso aliyeyusha vidonge kwenye kikombe. Akamimina nusu kwenye kikombe kingine. Nusu akamnywesha Lineo. Nusu iliyobaki akamnywesha mwanawe, Tumelo.

"Mkimwambia mtu nawachapa," akawaambia.

Nikasukuma mlango.

"Wifi... Tumelo naye ana virusi?"

Akaficha kikombe nyuma ya mgongo.

"Si ungempeleka kliniki? Dawa ni bure."

"Kliniki ipi, ya kwangu? Nikakae kwenye kile kiti chako, wanitumie kufundishia wanafunzi?"

"Kwa hiyo ukaona nikae mimi."

"Wewe watu walishajua. Mimi nina heshima yangu."

Basi, Khauhelo akatoa taarifa, na wiki iliyofuata Puseletso alikaa kwenye kile kile kiti, wanafunzi wakimtazama. Nilikaa nyuma yao nikamtazama na mimi. Sikumwonea huruma, na sidanganyi.

Lakini subirini majibu ya damu...

Virusi vya Tumelo bado vinasikia dawa mpya; yeye ni mdogo kwa mwili, ile nusu ilimtosha. Akaingizwa kwenye utafiti, akaandikiwa ya kwake, dozi kamili.

Virusi vya Lineo vimeshaizoea. Nusu dozi miezi yote ile iliviacha hai, vikajifunza kuishi nayo. Akatolewa kwenye utafiti, akarudishiwa ile chungu.

Daktari Mokhethi hakuniomba radhi. Aliwageukia tu wanafunzi: "Mmejifunza?"

Nikajibu mimi: "Kabla hujamwita mama mwongo, muulize dawa anakoroga nani."

Nawe unayesoma, uwe daktari au jirani, ondoka na hilo.

Jioni Lineo anabana pua, anameza, anatapika, namrudishia tena. Ng'ambo ya ua Tumelo analamba kikombe chake.

"Mama, mimi nilikosa nini?"

Jibu analo wifi yangu, ila siku hizi akituona anapita nyuma ya nyumba.