Mgonjwa wa Kitanda cha Dirishani

Asubuhi zetu za mwezi wa Juni huanza na ukungu. Kabla ya kwenda shule nilikuwa nakamua ng'ombe mmoja, nachota ndoo mbili za maji, kisha nakoroga uji. Kazi ya uji ilikuwa ya mama, lakini mwaka huo alikuwa na ujauzito wa miezi saba na kuinama jikoni kulimsumbua. Baba, Clement, alikuwa ameshatangulia shambani kwenye vitunguu saumu. Nikishamaliza nilikimbia, maana Mwalimu Justina hakuwa na huruma na mtu wa kuchelewa, ukungu uwepo usiwepo.

Jina langu ni Tekla. Nilikuwa darasa la sita katika kijiji cha Endagwal, juu kidogo ya barabara inayoteremka Maretadu. Ukungu ukiondoka, kutoka uwanja wetu wa mpira unauona Mlima Hanang ng'ambo ya bonde.

Jumanne moja Mwalimu Justina aliingia darasani na redio yake ndogo, akaiweka dirishani na kufunga waya wa antena kwenye nondo. Kipindi kilikuwa Uraia na Maadili, na mada ilikuwa Bunge.

"Fungeni vitabu," alisema. "Mbunge wetu ana swali asubuhi hii, na linahusu kijiji chetu. Atakayekohoa akohoe sasa hivi."

Kwanza tulimsikia mbunge mwingine akiuliza habari za wizi wa ng'ombe kwenye tambarare za Hanang. Akajibiwa kwamba doria zimeongezwa. Patriki, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa na mjomba aliyeibiwa maksai watatu karibu na Katesh.

"Hizo doria zinapita wapi?" alininong'oneza. "Mjomba hajaona hata baiskeli."

Mwalimu alimwonyesha chaki, Patriki akanyamaza. Halafu tukaisikia sauti ya mbunge wetu: "Mheshimiwa Spika, je, ni lini Serikali itapeleka muuguzi na vifaa katika Zahanati ya Endagwal?"

Darasa lililipuka kwa makofi. Jina la kijiji chetu lilikuwa limetajwa Dodoma! Mimi nilipiga makofi kuliko wote, kwa sababu swali hilo lilianzia nyumbani kwetu. Mama, ambaye wengi humwita kwa jina lake Scolastica, ndiye aliyeandika barua ya akina mama kwa mbunge. Mwaka uliotangulia alimpoteza mtoto njiani akipelekwa hospitali kujifungua, wakati jengo la zahanati likiwa limesimama pale pale kijijini na kufuli mlangoni.

Naibu Waziri alijibu kwa sauti ya upole. Alisema kwamba, kwa mujibu wa taarifa ya ukaguzi, Zahanati ya Endagwal imekamilika, ina vitanda sita, na siku ya ukaguzi wagonjwa walikutwa wakihudumiwa. Kwa hiyo wauguzi waliopo watapelekwa kwanza kwenye vijiji ambavyo bado havina huduma.

Mbunge wetu alisimama tena. "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri, akina mama wameniandikia kwamba zahanati hiyo imefungwa tangu ijengwe."

"Mheshimiwa Spika, picha ninazo," Naibu Waziri alisema. "Hapa namwona binti amelazwa kitanda cha dirishani. Namshauri Mheshimiwa atembelee jimbo lake."

Wabunge walicheka. Tulisikia vicheko vyao vizuri sana, maana siku hiyo redio haikukwaruza hata kidogo. Kisha swali likafuata la barabara za mahali pengine. Mwalimu Justina alizima redio na kusimama ametugeuzia mgongo. Darasa zima liligeuka kunitazama.

Binti wa kitanda cha dirishani alikuwa mimi.

Ilitokea mwezi wa pili. Mwenyekiti wa kijiji chetu, Mzee Margwe, ni kaka yake baba, nami namwita baba mkubwa. Alipopata taarifa kwamba wakaguzi watafika baada ya siku mbili, alifungua kufuli la zahanati, akakuta vyumba vitupu na mavi ya popo. Aibu ikamshika. Kwetu mgeni akitarajiwa, huachi aone nyumba haina kitu. Unaazima viti kwa jirani, vikombe kwa mwingine, blanketi kwa mwingine, na mgeni akiondoka kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Hakuna anayeona ajabu. Baba mkubwa akafanya hivyo hivyo. Vitanda sita vilitoka kwenye nyumba sita, na mama mwenyewe alifua blanketi letu jekundu la mistari ili kijiji kisidharauliwe.

Siku yenyewe Mwalimu Justina alitutoa wanafunzi watano tulale pale, na mama mmoja aliyewahi kufanya usafi hospitalini akavaa koti jeupe. Baba mkubwa aliniambia nifumbe macho nikisikia viatu. Nilifumba vizuri mno, hata mkaguzi mmoja akasema, "Pole, binti." Baadaye tulipewa soda. Kwa wiki nzima nilitamba shuleni kwamba nimepigwa picha na watu wa serikali. Nakiri, nilijiona mtu mkubwa.

Nilipofika nyumbani Jumanne ile, nilimkuta mama amekaa kizingitini. Majirani walikuwa wameshamwambia.

"Nilifua mwenyewe lile blanketi," alisema. "Halafu nikashika kalamu nikaomba muuguzi. Sikuona kwamba mkono mmoja unabomoa kazi ya mwingine."

"Mama, tumwandikie mbunge tena. Tumweleze."

Baba aliyekuwa ananoa jembe aliinua uso. "Hakuna wa kueleza kitu. Mnataka kaka yangu apelekwe polisi? Jambo hili liishie hapa. Umenisikia, Tekla?"

"Nimesikia, baba."

Nilisikia, lakini sikulala vizuri. Nilimpenda baba mkubwa. Ndiye aliyeninunulia sare za shule baba alipovunjika mguu. Lakini mama naye alikuwa amebakiza miezi miwili, na kila nilipomwona akishika kiuno nilihesabu siku.

Alhamisi, tukiwa katika kipindi cha kwanza, Patriki alichungulia dirishani akasema, "Tekla, mama yako."

Wanaume wanne walikuwa wamembeba kwenye machela ya miti miwili. Alikuwa ameteleza kwenye matope kisimani, na maumivu yakamwanza. Nilitoka mbio bila kuomba ruhusa. Walipita mbele ya zahanati, mlango wa bluu, kufuli lile lile. Mama aligeuza uso asiutazame. Nilipokaribia ndipo nilipoona kilichofungwa kwenye ile miti. Lilikuwa blanketi letu la mistari. Nililia nikitembea, na sikumwonea aibu mtu yeyote.

Barabarani lori la vitunguu liliwachukua mama na baba hadi hospitali. Walirudi Jumatatu. Mtoto alikuwa salama tumboni, lakini mama aliambiwa asifanye kazi ngumu, na asithubutu kujifungua mbali na muuguzi. Baba aliyarudia maneno hayo mara tatu siku hiyo. Suala la kaka yake hakuligusa tena.

Jumamosi ya wiki hiyo mbunge alifika. Hakutaka ngoma wala nyimbo. Watu walikaa kwenye majani ya uwanja wa mpira, na mama akaletewa kigoda. Mbunge aliinua karatasi mbili.

"Hii ni barua yenu," alisema. "Na hii ni picha ya kijiji chenu. Moja kati ya hizi inadanganya. Nimechekwa Bungeni, nchi nzima ikisikia, na hilo naweza kulivumilia. Ila muuguzi aliyepangwa kuja kwenu sasa anapelekwa kwingine. Nina wiki moja ya kulirekebisha, na siwezi kurudi mikono mitupu. Huyu mtoto wa kwenye picha ni mgonjwa wa nani?"

Baba mkubwa aliangalia viatu vyake. Mwalimu Justina alikunja na kukunjua mtandio wake. Watu wazima wote wale, walionifundisha kusalimia, kusema asante na kutosema uongo, walikuwa wamekaa kimya kama wanafunzi waliokosa jibu la hesabu. Nilimtazama mama. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi vidoleni.

Nikasimama.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, binti."

"Wa kwenye picha ni mimi. Sikuwa mgonjwa. Nilifumba macho tu."

Minong'ono ilizuka. Mbunge aliisogeza picha karibu na uso wangu, akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Ni kweli, ni wewe. Nani alikulaza pale?"

Kusema habari zangu mwenyewe niliweza. Kumtaja baba mkubwa mbele ya kijiji kizima sikuweza. Nilisimama pale nikitamani ukungu ushuke.

"Nilimlaza mimi," ilisema sauti nyuma yangu.

Baba mkubwa alikuja taratibu akasimama kando yangu, kofia mkononi. "Mwacheni mtoto. Mheshimiwa, kwetu mgeni akija unaazima kiti kwa jirani. Sikufikiri ninadanganya. Nilifikiri ninasitiri kijiji."

"Mzee Margwe," mbunge alisema, na hasira yake ilionekana, "wale hawakuja kunywa chai. Walikuja kuandika. Ulichowaonyesha ndicho kilichosomwa Bungeni."

"Nimeelewa sasa. Shemeji yangu alipita mlangoni pale kwenye machela. Nimeelewa."

Kisha mama mmoja akasimama. "Kitanda cha kwanza kilikuwa changu." Mzee mmoja akasema magodoro mawili yalitoka kwake. Mwalimu Justina alisimama akasema kwa sauti ya chini, "Wanafunzi niliwatoa mimi, na mimi ndiye mwalimu wao wa maadili." Mwisho mama aliinua mkono akiwa amekaa. "Blanketi ni langu."

Yote yaliandikwa kwenye muhtasari wa mkutano, na watu walitia saini au dole gumba. Baba mkubwa alikuwa wa kwanza kutia saini, juu kabisa. Wiki mbili baadaye aliitwa wilayani akapewa barua ya onyo, naye akaibandika mwenyewe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Baba alimwambia aiondoe. Alikataa.

Kabla Bunge halijaahirishwa, tulisikiliza redio tena. Naibu Waziri alisema taarifa ya awali kuhusu Endagwal haikuwa sahihi, na kwamba muuguzi atapelekwa. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Patriki alisema tungoje kwanza tumwone kwa macho.

Tulimwona mwanzoni mwa Agosti. Aliitwa Farida, mtoto wa wafanyabiashara wa Katesh, na alishuka kwenye gari la halmashauri na masanduku matatu ya dawa na vitanda viwili. Viwili tu. Jirani mmoja alimwambia baba mkubwa kwamba tukiongeza vinne vya nyumbani chumba kitapendeza. Baba mkubwa alimtazama mpaka akaondoka.

Mwishoni mwa mwezi huo wakaguzi walirudi, mmoja wao ni yule aliyenipa pole. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje, maana mama alikuwa ndani tangu jana yake. Baba mkubwa aliwapitisha chumba kwa chumba, na nilimsikia akisema, "Hapa hapana taa. Hapa hapana maji, tunachota kisimani. Hapa pangekuwa na kitanda, hapana." Alisema maneno hayo kwa taabu, kama mtu anayetolewa mwiba, lakini hakuruka chumba hata kimoja.

Alipotoka kupumua aliketi karibu nami.

"Unajua, Tekla," alisema, "miaka yote nilidhani heshima ya kijiji ni kutoonekana tuna shida. Kumbe shida niliyoificha ndiyo iliyokosa msaada, na aliyelipia si mimi, ni mama yako. Wewe ulisema ukweli ukiwa unaogopa. Mimi nilingoja mtoto anitangulie. Ukiwa mkubwa, usingoje."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Sasa njoo, wamefika kwa mama yako."

Mama alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, amejifunika blanketi la mistari. Muuguzi Farida alisimama kando yake. Yule mkaguzi alinitazama, akakitazama kitanda, akakumbuka. Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi.

"Na huyu?" aliuliza. "Ni mgonjwa kweli, au naye ameazimwa?"

Mama alifunua pembe ya blanketi, na mdogo wangu, mwenye umri wa saa tisa, akapiga kelele zilizosikika hadi uwanja wa mpira.

"Huyu ni wa kwetu," alisema baba mkubwa, akifuta macho kwa kofia yake. "Huyu mwandike."