Ufunguo wa Sanduku la Sayansi

Kule Yombo, pembezoni mwa Temeke, jirani asiye na saa aliamshwa na tezo la Albano. Ko, ko, ko. Albano alikuwa mchonga vinyago. Alikuja Dar es Salaam kutoka Newala akiwa kijana, akaoa, akajenga nyumba ya udongo na bati, na miaka yote hiyo alichonga mpingo chini ya upenu wa nyumba yake. Mkewe, Sesilia, alikaanga maandazi asubuhi na jioni alikwenda kisomo cha watu wazima. Mtoto wao mkubwa, Eufrazia, alikuwa darasa la sita. Zilikuwa siku zile ambazo redio ilituhimiza elimu ya kujitegemea tangu tunaamka mpaka tunalala.

Albano alivaa vitu viwili shingoni, rozari na ufunguo. Rozari aliivua akienda kuoga. Ufunguo hakuuvua.

Ufunguo huo ulikuwa wa kabati la shule. Ndani ya kabati mlikuwa na sanduku la kijani, na ndani ya sanduku mlikuwa na vifaa vya sayansi. Mlikuwa na mizani ndogo, sumaku, dira, vioo vya kukuzia, gilasi za kupimia maji, betri, waya na balbu. Sanduku hilo lilikuwa msaada. Ofisi ya elimu iliyagawa masanduku ya namna hiyo kwa shule ambazo hazikuwa na kifaa chochote cha sayansi. Siku lilipofika, wazazi waliacha kazi zao wakaja kulitazama. Ofisa aliyelileta alisema, "Litumieni, na mlitunze vizuri. Mkaguzi atakuja kuliangalia."

Wiki ya kwanza tu, mwanafunzi mmoja aliangusha kioo cha kukuzia kikavunjika. Kamati ya shule iliitwa haraka.

"Hii ni mali ya umma," alisema mjumbe mmoja. "Mkaguzi akija tutamwambia nini?"

"Lifungiwe," alisema mwingine. "Ufunguo apewe Albano. Kabati katengeneza yeye, na yule hachezewi."

Basi likafungiwa. Neno "litumieni" likasahaulika, likabaki "litunzeni". Tangu siku hiyo walimu walichora mizani ubaoni kwa chaki. Watoto waliinakili, wakaimba kwa pamoja, "Mizani ni kifaa cha kupimia uzito!" Kisha walikwenda kulima bustani ya shule.

Mimi simcheki Albano. Wengi wetu tungefanya vilevile, na tunafanya. Nyumbani kwake palikuwa na vikombe vya maua ambavyo Sesilia alitunzwa siku ya harusi. Vilikaa kabatini vikisubiri wageni. Watoto walinywea vikombe vya bati. Wageni wenye hadhi ya vikombe vile hawakuonekana, na vikombe vikaendelea kusubiri.

Mwaka huo alihamia pale shuleni mwalimu mpya wa sayansi. Jina lake Kokushubila, mwenyeji wa Bukoba. Siku ya kwanza aliomba vifaa. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Bakari, alikuna kichwa.

"Vifaa tunavyo," alisema. "Lakini ufunguo uko kwa Albano. Nenda ukazungumze naye. Mie nimeshindwa."

Jioni ile Mwalimu Kokushubila alipiga hodi kwa Albano.

"Shikamoo, Baba Eufrazia."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, karibu kiti."

Sesilia alikimbilia kabatini. Mgeni amepatikana! Alitoa kikombe cha maua, akakuta buibui amejenga ndani yake. Alikiosha upesi, akamimina chai. Watoto walisimama mlangoni wakitazama kikombe kikitumika.

"Baba Eufrazia," alisema mwalimu, "nimekuja kuomba ufunguo."

"Haiwezekani, mwalimu. Nimekabidhiwa na kamati. Kikivunjika kitu mle ndani, jina litakalotajwa ni la Albano. Mie mtu wa kuja. Sitaki niitwe mharibifu wa mali ya umma."

"Nakuelewa. Lakini unajua mkaguzi anakuja kuangalia nini?"

"Anakuja kuangalia kama vitu vipo. Atavikuta vyote, isipokuwa kioo kimoja."

Mwalimu aliweka kikombe chini.

"Sivyo, baba. Msaada huu una masharti. Mwisho wa muhula ujao mkaguzi atawaita watoto wenyewe. Atawaambia, pima hiki, washa balbu hii, nieleze umeona nini. Wakiweza, sanduku linabaki hapa na shule inaongezewa vifaa. Wasipoweza, linapakiwa kwenye gari, linapelekwa shule nyingine yenye watoto wanaolihitaji."

"Nani kasema hayo?"

"Shule niliyotoka tulinyang'anywa. Sanduku letu lilikuwa safi kama lilivyotoka kiwandani. Halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Watoto walisimama barabarani wakilitazama linaondoka."

Eufrazia alikuwa anaosha vyombo uani, akaacha. Alikuja akasimama mbele ya baba yake, mikono inachuruzika maji.

"Baba, mie mizani naijua kuichora tu. Sijaishika hata siku moja. Wakiichukua ndiyo basi tena."

"Nani kakuita kwenye maneno ya wakubwa?"

"Mwache aseme," alisema Sesilia. "Sanduku si la kwake? Mie kule kisomo nimeshika kalamu ndipo nikajua kuandika. Ningetazama kalamu kabatini, mpaka leo ningekuwa naweka dole gumba."

Albano alishika ufunguo, akauzungusha kwenye kamba yake.

"Kesho tutalifungua," alisema hatimaye. "Lakini mbele ya macho yangu."

Kesho yake walilifungua, mbele yake na mbele ya Mwalimu Bakari. Kifuniko kilipoinuliwa ilitoka harufu mbaya. Betri zilikuwa zimevuja. Ukoko mweupe ulikuwa umekula ncha za waya na kuingia kwenye dira. Sindano ya dira haikuzunguka tena.

"Nani kagusa humu?" aliuliza Albano kwa ukali.

"Hakuna aliyegusa," alijibu Mwalimu Kokushubila. "Betri zikikaa muda mrefu bila kutumika huvuja. Zingetumika na kutazamwa, tungeziona mapema na kuzitoa."

Albano alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kifuani. Aliona aibu, na aliisema.

"Nimelala nao shingoni ufunguo huu. Kumbe nalinda kitu kinachooza."

"Hebu tazama hapa," alisema mwalimu, akatoa gilasi za kupimia maji. "Kwa nini wameweka tatu, wakati kazi inataka moja?"

"Sijui."

"Wanajua watoto watavunja. Kuvunjika kazini si wizi, baba. Kinachovunjika tunaiarifu ofisi ya elimu, na tunaeleza kilivunjikaje. Cha kuogopa ni uzembe. Na uzembe una dawa yake. Tutawagawa watoto kwa vikundi. Kila kikundi kitakuwa na msimamizi wake. Mezani tutatandika blanketi kuukuu ili gilasi zisiviringike. Na kabla ya kengele, kila kitu kirudi mahali pake."

"Mahali pake wapi?" aliuliza Albano. "Humo sandukuni vimerundikwa tu. Kikikosekana utajuaje?"

Albano aliichukua mizani, akaigeuzageuza, akaipima kwa vidole kama anavyopima gogo kabla ya kulichonga. Jumamosi alirudi na ubao mpana wa mninga. Aliuchonga matundu, kila tundu kwa umbo la kifaa chake. Gilasi ilikuwa na tundu lake, sumaku ilikuwa na tundu lake, hata balbu. Kitu kimoja kikikosekana, tundu lilikaa wazi na kila mtu aliliona. Mwalimu Bakari alicheka kwa furaha. Ufunguo ulitundikwa kwenye msumari ofisini kwa walimu. Albano alirudi nyumbani shingo nyepesi, na usiku ule, asema Sesilia, alijipapasa mara kadhaa akiutafuta.

Masomo yakaanza kwa vitendo. Watoto walitenganisha vumbi la chuma na mchanga kwa sumaku. Waliwasha balbu kwa betri mpya ambazo wazazi walichangia. Kisha mwalimu akawaambia, "Sayansi haiishii mezani. Nileteeni tatizo la nyumbani."

Eufrazia alinyoosha mkono. "Mpingo wa baba unapasuka. Kinyago kikipasuka, ushirika wa wachongaji haukipokei. Anakirudisha nyumbani, tunakipikia maharage."

Darasa zima lilicheka. Habari ilipomfikia Albano, yeye hakucheka.

"Mpingo unapasuka kwa sababu ni mpingo," alisema. "Babu yangu ulimpasukia, baba yangu ulimpasukia. Mwalimu atauzuia kwa chaki?"

Lakini alimpa mwanawe vipande viwili, alivyovikata kutoka gogo moja bichi. Eufrazia na wenzake walivipunguza kwa msasa mpaka uzito ukalingana kwenye mizani. Kipande kimoja walikiweka juani, kama Albano alivyoweka magogo yake siku zote. Cha pili walikipaka nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili, wakakiweka kivulini penye hewa. Kila Ijumaa walivipima na kuandika uzito ukutani.

Kipande cha juani kilipungua uzito haraka sana. Wiki chache baadaye kilikuwa na ufa wa kuingiza ukucha. Kile cha kivulini kilipungua polepole, kidogo kidogo, nacho hakikupasuka.

Eufrazia alivipeleka nyumbani vyote viwili. Albano alivishika, akavipeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye ufa.

"Maji yanatokea hapa nchani," Eufrazia alieleza. "Juani yanatoka kwa fujo. Nje panakauka panajikunja, na ndani bado pabichi. Ndipo unapasuka. Ukiziba ncha na kuuweka kivulini, unakauka pamoja, nje na ndani."

Albano alisimama, akaanza kuhamisha magogo yake kutoka juani, moja baada ya jingine. Sesilia alimtazama tu, akatia mkono mdomoni asicheke.

Mkaguzi alifika mwisho wa muhula. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na maneno machache. Wanakamati walikuja na mashati ya kanisani na kanzu za Ijumaa. Albano alikaa mbele. Mkaguzi alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa mninga, akaweka kidole kwenye tundu lililokuwa wazi.

"Gilasi moja haipo."

Mkono wa Albano ulikwenda shingoni wenyewe, ukakuta rozari peke yake. Eufrazia alisimama.

"Nimeivunja mie," alisema. "Jana, mama. Mwalimu anajua."

Albano alikuwa hajui. Jasho lilimtoka. Akilini aliliona gari, aliliona sanduku linapakiwa, na mtu atakayetajwa ni yeye na mwanawe.

"Uliivunjaje?" aliuliza mkaguzi.

"Nilitia maji yaliyokuwa yanachemka. Gilasi ilikuwa ya baridi. Ikalia, ta! Ikapasuka."

"Kwa nini ilipasuka?"

Eufrazia alitazama chini. Hili hakuna aliyemfundisha. Alitazama dirishani, palipokuwa na vile vipande viwili vya mpingo, alivyovirudisha shuleni. Kisha akainua uso.

"Nadhani ni kama mpingo wa baba. Kule juani nje ulikauka ukajikunja, ndani ukabaki vilevile. Na gilasi ndani ilipata moto ikatanuka, nje ikabaki vilevile. Upande mmoja ukienda na mwingine ukibaki, kitu kinapasuka."

"Na mara nyingine utafanyaje?"

"Nitaanza na maji ya vuguvugu. Ipate moto polepole."

Mkaguzi alivua miwani. Aliomba mizani, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo yake. Alimtaka mtoto mwingine awashe balbu, ikawaka. Alisoma uzito ulioandikwa ukutani, Ijumaa moja baada ya nyingine. Kisha akawageukia wanakamati.

"Nimekagua shule nyingi ambazo hazijavunja kitu," alisema. "Huko ndiko ninakochukua masanduku. Hili linabaki. Vifaa vya nyongeza vitaletwa, na gilasi mtapata nyingine. Ubao huu wenye matundu kauchonga nani?"

Watu wote walimtazama Albano. Yeye alikuwa anajifuta uso kwa kiganja, na si jasho tu alilokuwa akilifuta.

Jioni ile nyumbani kwake palikuwa na chai ya maziwa na maandazi. Sesilia alipanga vikombe vya bati kama kawaida.

"Vya bati vya nini?" aliuliza Albano. "Toa vile vya maua."

"Kuna mgeni?"

"Hakuna mgeni. Wape watoto."

Sesilia alimkazia macho kwanza, kisha akavitoa vyote, akaviosha. Watoto walivishika kwa mikono miwili, hawakuthubutu hata kupumua. Haikupita muda, mdogo wao wa mwisho, Polikarpo, akakiachia chake. Kikaanguka sakafuni, pa! Vipande vikatawanyika mpaka mlangoni.

Kila mtu alimtazama baba. Polikarpo alikwisha kukunja uso tayari kulia.

Albano aliinama, akaanza kuokota vipande.

"Usisogee, utajikata," alimwambia mwanawe. "Mama Eufrazia, mpe kingine. Na safari hii mfundishe kukishika."